Je, wajua kwa nini jahazi haliendi upande kama kaa?

Upepo ukilipiga jahazi ubavuni, ungetegemea lisukumwe upande hadi mwambani. Wapi! Linakwenda mbele. Siri iko chini ya maji: mkuku, ule mti mnene unaotoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma).

Bana kokwa la embe lenye utelezi kwa vidole viwili. Litachomoka mbele, japo hakuna kidole kilicholisukuma huko. Tanga ni kidole kimoja, mkuku ni cha pili. Upepo unasukuma ubavuni, maji yanaukatalia mkuku, na njia iliyobaki ni mbele. Ila mkuku hushika pale maji yanapoupita kwa kasi. Ndiyo maana nahodha huacha chombo kichanganye mwendo kwanza, kisha ndipo akielekeze joshi, yaani upande unakotoka upepo. Akiharakisha, kitachukuliwa tu na upepo.

Mkuku wa jahazi ni mrefu, lakini hauendi chini sana. Urefu unalifanya lishike njia bila usukani kuhangaika, ingawa kuligeuza ni kazi. Ufupi wa kimo una sababu yake: maji yakipwa, jahazi hukaa mchangani, likategemezwa kwa magadi (miti ya kulishikilia ubavuni) na kupakuliwa mzigo. Gharama yake ni kwamba likienda joshi huteleza kidogo kuelekea demani, upande upepo unakokwenda.

Boti za mashindano za leo zimegeuza mambo. Mkuku wake ni mwembamba, umeshuka chini kama pezi, na mara nyingi chini kabisa pamewekwa madini mazito ya risasi ili boti isilale. (Lamu, kwenye mashindano ya majahazi, uzito huo ni viroba vya mchanga na mabaharia wanaokalia ubao uliotokeza nje, na kila wakipiga bisha, yaani kugeuza chombo ili upepo uje upande wa pili, huhama wao na viroba vyao.) Boti yenye mkuku kama pezi hugeuka upesi, lakini msukani akisinzia tu, imeshapotea njia.

Mwaka 1983, boti ya Australia II ilifika kwenye Kombe la Amerika, mashindano maarufu ya boti za matanga, mkuku wake ukiwa umefunikwa ili watu wasiuone. Mbunifu wake, Ben Lexcen, alikuwa ameupachika mabawa mawili chini. Yalizuia maji kuvuja chini ya mkuku kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na kuweka uzito chini kabisa. Ilishinda mbio 4–3, na kombe likawatoka Wamarekani baada ya miaka 132.

Ngalawa haina mkuku wa hivyo. Hutegemea matengo yake, yale mabao ya pembeni yanayoelea, isipinduke. Kwenda joshi inateseka, lakini juu ya mwamba, maji yakiwa ya magotini, inapita. Boti ya Lexcen ingekwama mbali sana na hapo.