Je, wajua kwa nini diski inaweza kufa na seva isipoteze hata faili moja?

Diski ya seva ikifa, data zake hazitafutwi ndani ya mzoga wake. Hupigiwa hesabu upya kutoka kwenye diski zilizobaki hai. Ndiyo maana watu ofisini wanaweza kuendelea kufungua mafaili yao bila kujua kuna kilichoharibika, huku fundi peke yake akiikodolea macho taa ya njano.

Mpangilio huu unaitwa RAID, jina lililotolewa na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala yao ya 1988. Walitaka diski ndogo nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya ghali. Lakini diski zikiwa nyingi, vifo navyo huwa vingi, kwa hiyo ilibidi itafutwe kinga.

Chukua seva yenye diski nne. Tatu zimeandikwa 1, 0 na 1. Ya nne huandikwa tarakimu itakayofanya jumla iwe shufwa. Hapa jumla tayari ni 2, basi inaandikwa 0. Tarakimu hiyo huitwa pariti. Sasa diski ya kwanza inakufa. Zimebaki 0, 1 na 0, jumla 1, ambayo ni witiri. Iliyopotea haiwezi kuwa nyingine ila 1. Hesabu hiyo ndogo, ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza, hurudiwa mabilioni ya mara hadi diski mpya ijae. Katika RAID 5, aina mojawapo ya mpangilio huu, pariti hutawanywa kwenye diski zote, lakini kanuni ni ileile.

Hatari kubwa huja baada ya kuweka diski mpya. Diski ya terabaiti 8 ikiandikwa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua karibu saa 15, na zaidi ikiwa seva inaendelea kuhudumia watu. Muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, zikachakaa pamoja. Ikifa ya pili, RAID 5 yote imekwenda. RAID 6, yenye pariti mbili, ingestahimili. Kwa hiyo mimi, kabla ya kugusa chochote, huchukua nakala ya data muhimu, kisha husoma namba ya diski mara mbili. Kuchomoa diski nzima ukaiacha mbovu ni kosa rahisi kuliko unavyodhani.

Na RAID si nakala rudufu. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote na pariti inasahihishwa papo hapo, kwa utiifu kamili. Nakala halisi hukaa kwenye mashine nyingine, na inafaa ujaribu kuirejesha kabla ya siku ya shida.

Kwenye seva zinazotumia mfumo endeshi wa Linux, faili la /proc/mdstat huonyesha hali ya diski kwa herufi: [_UUU]. Kila U ni diski iliyo hai; kistari ni yule marehemu. Kando yake asilimia hupanda polepole, na usiku kucha naifungua tena na tena, mpaka isomeke [UUUU].