Hapa pana mtu? Adabu ya kumwuliza usiyemjua kwa Kifini

Nafundisha Kifini watu wanaozungumza Kiswahili: wauguzi na wanafunzi kutoka Kenya na Tanzania, pia familia za Wakongomani zilizopokelewa Ufini kama wakimbizi. Wote wamelelewa kwamba salamu hutangulia swali. Humkurupushi mtu mzima kwa "stesheni iko wapi?" Unaanza na shikamoo au habari za saa hizi, unaitikiwa, ndipo unasema samahani, naomba kuuliza. Wakifanya hivyo Helsinki, mpita njia hubabaika. Ukimwambia "Mitä kuuluu?", yaani habari yako, anadhani mnafahamiana na yeye amekusahau, kwa sababu hayo ni maneno ya watu wanaojuana.

Si kwamba Wafini hawana adabu. Wanayo tele, ila sehemu kubwa ya adabu yao imo ndani ya kitenzi, na anayejifunza lugha hii asipoelekezwa huko anaweza kuishi miaka bila kuiona.

Tuanze na mlango wenyewe. Kwa usiyemjua unaanza na "Anteeksi", samahani. Mkazo uweke mwanzoni kabisa, AN-teek-si, kwa maana sisi tuna mazoea ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Kifini hukaza ya kwanza siku zote. Simama hatua moja au mbili mbali naye, usimguse bega, ngoja akugeukie. Kisha uliza: "Anteeksi, missä on apteekki?" Duka la dawa liko wapi. Hapo umemaliza, na umeuliza kwa heshima kamili. Mwenye wiki chache za Kifini asijitwishe zaidi ya hapo.

Jambo moja la sauti kabla sijaendelea. Kiswahili kinaweza kugeuza taarifa kuwa swali kwa kupandisha sauti tu: "Basi limeondoka?" Kifini hakikutegemei wewe upandishe chochote. Swali la ndiyo au hapana hubeba kiambishi -ko au -kö kwenye neno la kwanza, na sauti inaweza kushuka hadi mwisho. "Pysähtyykö tämä juna Tikkurilassa?" ni kuuliza kama treni hii inasimama Tikkurila. Ukiiacha -kö na kupandisha sauti, anayekusikia anaweza kudhani unampa habari.

Sasa nifike ninapopapenda. Ukipanda daladala ukakuta nafasi, humwombi abiria wa pembeni ruhusa ya kukaa karibu naye. Unauliza, "Hapa pana mtu?" Swali umelielekeza mahali, wala hukumgusa yeye. Mfini naye, kwenye treni au mkahawani, husema "Onko tässä vapaata?", hapa pako wazi? Na hakuishia kwenye viti. Ana sentensi nzima zisizo na mtenda, ambazo wanasarufi wa Kifini huziita nollapersoona, nafsi sifuri. Kitenzi kinakaa katika umoja wa nafsi ya tatu, lakini hakuna "yeye" wala "mtu" anayetajwa. "Pääseekö tästä asemalle?" Hapa panapitika hadi stesheni? "Saako tähän istua?" Panaruhusiwa kukaa? "Saako täällä ottaa kuvia?" Picha zinaruhusiwa humu?

Wanafunzi wangu hufika na "Voinko minä istua tähän?" Naweza mimi kukaa hapa? Kisarufi haina kosa. Lakini imeleta "mimi" mbele, na imemfanya yule mtu awe mwenye kunikubalia au kunikatalia. Kwa "Saako tähän istua?" wote wawili tumetoka kwenye sentensi. Akijibu hapana, amesema habari za kiti, hakunikataa mimi. Kwangu mimi huu ndio moyo wa ustaarabu wa Kifini kwa mtu usiyemjua: kumwuliza bila kumbana. Sisi tuliozoea "hapa panapitika" tuna bahati, kwa sababu pa- yetu inafanya kazi inayokaribiana sana na hiyo, na mwanafunzi akishaliona hilo hakosei tena.

Ukimhitaji mtu mwenyewe akufanyie jambo, ndipo inakuja -isi-, ambayo ni kama -nge- yetu. "Voitko auttaa?" ni unaweza kunisaidia, "Voisitko auttaa?" ni laini zaidi. "Voisitko ottaa meistä kuvan?" unamwomba mtu awapige picha. "Osaisitko sanoa, mistä bussi lähtee?" unauliza basi linaondokea wapi. Kwetu "ungeweza kunisaidia" inanukia kitabu, na njiani tunasema "naomba unisaidie". Kwa Mfini -isi- ni ya kila siku, hata kwa kikombe cha kahawa.

Halafu kuna -han au -hän, ambayo vitabu vingi vya wanaoanza huichelewesha, nami nasikitika kila mara. Inalifanya swali lionekane kama mtu anawaza kwa sauti, kama sisi tunaposema "sijui maktaba ni upande upi". Ukitoka stesheni kuu ya Helsinki ukitafuta Oodi, maktaba iliyofunguliwa Desemba 2018 ng'ambo ya Bunge, unaweza kusema "Anteeksi, mistä pääsee Oodiin?" Vizuri. Ukisema "Mistähän pääsisi Oodiin?", umeweka nafsi sifuri, -isi- na -hän katika maneno matatu. Vivyo hivyo kiti: onko, olisiko, olisikohan tässä vapaata, kila moja laini kuliko iliyotangulia.

Utasikia pia swali la kukanusha: "Et sattuisi tietämään, mihin aikaan kirjasto aukeaa?" Anauliza kama kwa bahati unajua maktaba inafunguliwa saa ngapi. Kwetu "hujui?" ni karibu na kumcheka mtu, kwao inamrahisishia kusema hajui.

Kuhusu wazee: tangu miaka ya 1960 na 1970 Wafini wengi huambiana "sinä", umoja, hata wasipofahamiana. Kwa mtu mwenye umri mkubwa bado unaweza kutumia wingi wa heshima, "Voisitteko auttaa?", na hutakosea, ingawa wapo wanaohisi umewazeesha. Usimwite mama wala mzee. "Rouva" na "herra" zipo, lakini njiani zinasikika za zamani. Kifini hakihitaji kumwita mtu kwa jina lolote baada ya "anteeksi".

Majibu yatakuwa mafupi. Uliuliza "Pääseekö tästä asemalle?", atajibu "Pääsee", kitenzi kitupu, na hiyo ni ndiyo kamili, hajakasirika. Akisema "En osaa sanoa" hakufichi kitu, hajui tu. Kwenye mazungumzo maneno yatakatwa, "anteeks", "onks tässä vapaata", kwa hiyo zoeza sikio mapema. Akihamia Kiingereza, mwambie "Opettelen suomea, voisitko puhua vähän hitaammin?", najifunza Kifini, tafadhali zungumza polepole kidogo. Wengi hurudi kwenye Kifini papo hapo na kukungoja.

Akikusaidia, "Kiitos paljon." Akishindwa kukusaidia, usiondoke kimya: "Kiitos kuitenkin", asante hata hivyo, kisha mwendee mwingine.