Kuinua gari hakuinui difu

Wengi wanaamini ukiweka springi ndefu basi gari haligusi mawe tena. Sio kweli, hasa kwa gari lenye ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha tairi la kushoto na la kulia. Springi zinanyanyua bodi na chesisi, ila difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, inabaki palepale sababu imebebwa na matairi, we chungulia tu chini utaiona. Kinachoipandisha ni tairi kubwa, na hapo napo unapata nusu: ukitoka inchi 31 kwenda 33 difu inapanda inchi 1 tu, maana inchi ingine iko juu ya ekseli. Kwa hiyo chagua tairi kwanza, halafu inua gari kiasi cha kutosha tairi lisikwaruze madigadi ukikata kona huku springi imebonyea, ukizidisha gari linaanza kuyumba bure. Na ukiweka tairi kubwa spidomita itakudanganya, inasoma chini ya mwendo wako halisi.