Pua Si Kipimo: Maswali na Majibu Kuhusu Uvujaji wa Gesi ya Kutakasa Vifaa Tiba

Maswali haya niliulizwa hapa Tanga na mafundi mitambo, wahudumu wa vyumba vya utakasaji na vijana wa ufundi, mwishoni mwa mafunzo ya siku mbili kuhusu mashine zinazotakasa vifaa kwa gesi. Muda haukutosha kuyajibu yote, nami niliahidi kuyaandikia. Gesi inayozungumziwa ni ethilini oksaidi, ambayo hutumika viwandani na katika baadhi ya hospitali kutakasa vifaa visivyostahimili joto la otoklevu, yaani mashine ya kutakasa kwa mvuke wa moto, kama vile mabomba ya sindano ya plastiki, mipira ya mkojo, mirija ya dripu na vifaa vyenye sehemu za umeme.

Swali: Ikiwa gesi hii ni hatari kiasi hicho, kwa nini haiachwi?

Jibu: Kwa sababu inafanya kazi ambayo njia nyingine nyingi hazijaiweza. Inapenya karatasi na kasha la kifaa kilichokwisha kufungwa, inaingia ndani ya mrija mwembamba, na inaua vijidudu pamoja na mbegu zao sugu katika joto la nyuzi 37 hadi 63 tu za Selsiasi. Nchini Marekani takriban nusu ya vifaa tiba vinavyotakaswa hupitia gesi hii. Lakini namna inavyomuua kijidudu ndiyo namna inavyomdhuru binadamu: inajishikiza kwenye protini na kwenye vinasaba na kuviharibu, bila kuchagua vinasaba hivyo ni vya nani. Mwaka 1994 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Saratani zinazohusishwa nayo zaidi ni za damu na tezi za limfu, pamoja na ya matiti.

Swali: Gesi ya kupikia ikivuja tunasikia harufu mara moja. Hii nayo si itajitangaza yenyewe?

Jibu: Haitajitangaza, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike kabla ya mengine yote. Gesi ya kupikia inanuka kwa sababu imetiwa harufu makusudi ili mama aliye jikoni ashtuke mapema. Ethilini oksaidi haina rangi, na harufu yake tamutamu inayofanana na ya etha husikika tu ikiwa imefikia mamia ya sehemu kwa kila sehemu milioni moja za hewa. Kipimo kinachotajwa mara kwa mara ni 430. Kiwango ambacho mfanyakazi hatakiwi kukizidi kwa wastani wa saa 8, kwa mujibu wa kanuni ya Marekani ya mwaka 1984 inayofuatwa kama mfano katika nchi nyingi, ni sehemu 1 tu kwa milioni, na kwa nyongeza ya mwaka 1988, kwa dakika 15 zozote wastani usizidi sehemu 5.

Tuliweke jambo hili katika ukumbi tunaoujua. Chukua ukumbi wa harusi wenye urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kimo cha mita 5, uliofungwa milango na madirisha. Ili hewa ya ukumbi huo mzima ifikie sehemu 1 kwa milioni, inatosha kuvuja lita moja ya gesi, ambayo ikiwa bado ni kimiminika haijazi hata nusu ya kijiko cha chai. Ili watu waliomo waanze kusikia harufu, itabidi zivuje lita 430, karibu robo tatu ya kilo na ziada. Kati ya kijiko hicho na robo tatu ya kilo, watu wanavuta sumu na pua zao zinawaambia kuwa mambo ni salama. Anayesema "sijasikia harufu" hajapima kitu.

Swali: Inavuja kutoka sehemu gani hasa za mashine?

Jibu: Mara nyingi katika viungio na milango, si katika mwili wa mashine. Mahali pa kwanza ni mpira wa kuzibia mlango, ambao mafundi wengi huuita gasiketi. Niliwahi kusimama na fundi mbele ya mashine iliyokuwa ikishindwa kushika ombwe, yaani kubaki bila hewa ndani, kwa wiki nzima, huku kila mtu akiilaumu pampu. Fundi alipitisha kidole taratibu kuzunguka gasiketi, akasimama kwenye kona ya chini upande wa bawaba, akaniita nishike mwenyewe. Palikuwa na ufa mdogo kama ukucha wa mtoto, na ndani yake uzi wa kitambaa cha kufutia uliokuwa umekauka na kushikana na mpira. Uliosimamisha mashine ile ni uzi huo tu. Tangu siku hiyo nasisitiza kwamba gasiketi ifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ikaguliwe kwa kidole na kwa tochi kila siku, na ibadilishwe kwa ratiba ya mtengenezaji badala ya kusubiri ipasuke.

Mahali pengine ni pale mtungi unapofungwa na kufunguliwa, kwani mpira mdogo wa kiungio hutumika mara moja na kusahaulika. Vishina vya valvu. Mipira ya kupitishia gesi. Valvu ya usalama inayopumulia ndani ya chumba badala ya kupelekwa nje. Na mfereji wa pampu ya ombwe inayotumia maji. Huo wa mwisho hauwazwi na wengi. Gesi huyeyuka katika maji ya pampu, maji yakifika kwenye tundu la sakafuni gesi inatoka tena, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, inatambaa chini kuelekea miguuni mwa watu. Tundu hilo linahitaji kifuniko na mvuto wake wa hewa.

Kisha kuna vifaa vyenyewe. Plastiki na mpira hunyonya gesi na kuendelea kuitoa kwa saa nyingi, ndiyo maana hupumzishwa katika kabati lenye hewa ya moto inayozunguka, kwa kawaida saa 8 hadi 12 katika nyuzi 50 hadi 60. Anayevitoa mapema na kuvipanga stoo ameuhamisha uvujaji kutoka kwenye mashine kwenda stoo.

Swali: Mashine yetu hufanya kazi ikiwa na mgandamizo ulio chini ya ule wa hewa ya nje. Je, si kusema kwamba hewa ndiyo itaingia, gesi haitatoka?

Jibu: Ni hoja nzuri, na ni kweli kwamba mashine za namna hiyo hupunguza hatari ya gesi kutoka. Hata hivyo hewa inayoingia huleta hatari nyingine, kwa sababu ethilini oksaidi hushika moto ikiwa asilimia 3 tu ya hewa, na ikiwa safi kabisa inaweza kulipuka hata pasipo hewa. Uvujaji wa kuingia ndani usidharauliwe.

Swali: Basi tuugundue vipi kabla ya mtu kuumia?

Jibu: Kwa vipimo kadhaa vinavyosaidiana. Cha kwanza ni cha mashine yenyewe: kabla ya gesi kuingizwa, chumba cha mashine huvutwa ombwe na kuachwa kwa muda uliowekwa, na mshale wa geji ukipanda zaidi ya kiwango, mzunguko usiendelee. Namba hiyo iandikwe daftarini kila mara, hata inapokuwa nzuri, maana daftari ndilo linaloonyesha kwamba geji imekuwa ikipanda kidogo kidogo kwa mwezi mzima, jambo ambalo macho ya siku moja hayawezi kuliona.

Cha pili ni vitambuzi vya gesi vilivyofungwa ukutani, vyenye kengele na taa. Vifungwe karibu na mlango wa mashine, kwenye mitungi na penye kabati la kupumzishia vifaa, na vingine viwe chini karibu na sakafu. Kitambuzi kisichopimwa usahihi wake kwa gesi ya kipimo maalumu ni pambo. Cha tatu ni beji ndogo ambayo mfanyakazi huibana kwenye ukosi, karibu na pua na mdomo, kisha hupelekwa maabara. Kwa kanuni ile ya Marekani, majibu yakifika nusu ya sehemu kwa milioni upimaji hurudiwa kila miezi 6, na yakizidi sehemu 1 hurudiwa kila miezi 3.

Povu la sabuni, ambalo mafundi wetu wanalipenda, lina nafasi yake: baada ya matengenezo, mabomba yakiwa yamejazwa naitrojeni badala ya gesi ya sumu, paka povu kwenye kila kiungio na uangalie mapovu. Lisitumike kutafuta uvujaji wa gesi yenyewe ikiwa inatoka, kwa sababu uso wa fundi utakuwa umeinamia sumu.

Kwa sisi wa pwani naongeza mawili. Hewa ya bahari ina chumvi, na nati au kiungio kinachodumu miaka bara huanza kutu hapa mapema, kwa hiyo ratiba ya ukaguzi iliyoandikwa nje ya nchi ifupishwe. Pia gesi hii huchemka katika nyuzi 10.7, joto la chini kuliko hali ya hewa ya kawaida ya Tanga. Mtungi ukiachwa juani, mgandamizo wake unapanda. Stoo yake iwe na kivuli, hewa ya kutosha na isiyo na swichi za kutoa cheche.

Swali: Barakoa ya hospitali inanilinda?

Jibu: Hapana. Wala zile za vumbi hazilindi. Kinachohitajika ni kinyago cha uso mzima chenye mkebe uliothibitishwa kwa gesi hii, na katika uvujaji usiojulikana kiasi chake ni kifaa chenye mtungi wa hewa mgongoni, kikivaliwa na mtu aliyefundishwa.

Swali: Nina mimba ya miezi miwili na napangwa zamu ya kupakua mashine. Nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, mwambie msimamizi wako leo, usisubiri mimba ionekane. Utafiti uliofanywa Finland kwa wahudumu wa utakasaji hospitalini, ukachapishwa mwaka 1982, ulikuta mimba nyingi zaidi zikiharibika kwa waliofanya kazi na gesi hii. Una haki ya kuomba kazi nyingine kwa kipindi hicho, na msimamizi mwenye busara atakupa bila kukuhoji sana.

Swali: Kengele ikilia, hatua ya kwanza ni ipi?

Jibu: Ondoka. Usirudi kuchukua simu, usizime wala kuwasha taa, usiende kutafuta panapovuja. Tembea ukielekea upande upepo unakotoka, na hapa kwetu hilo lina maana yake, kwa kuwa upepo wa kusi na wa kaskazi huja kutoka pande mbili tofauti katika nyakati tofauti za mwaka. Kiwanda kiwe na sehemu mbili za kukusanyikia na bendera ya upepo inayoonekana. Wapigieni Zimamoto namba 114.

Aliyerukiwa na kimiminika aoshwe kwa maji mengi kwa dakika zisizopungua 15, na nguo zivuliwe huku zikiwa zimelowa maji. Viatu na mikanda ya ngozi vitupwe kwa utaratibu wa taka hatari, kwani ngozi hunyonya gesi na haisafishiki, na mtu akivivaa kesho vitamchoma malengelenge. Aliyeivuta anaweza kuumwa kichwa, kuwashwa macho na koo, kichefuchefu, kutapika au usingizi. Hata akijisikia nafuu apelekwe hospitali na aangaliwe, kwa sababu maji yanaweza kujaa mapafuni saa kadhaa baadaye. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini, daktari hutibu dalili, na ni muhimu aambiwe jina la gesi.

Swali: Mzigo ukiwa mwingi tunaambiwa turuke hatua ya mwisho ya kuisafisha mashine ili tuwahi. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, na umeshaandikwa. Mwezi Agosti 2004, katika kiwanda cha utakasaji kilichopo Ontario, California, mafundi walitumia nywila kuruka hatua za kuiosha gesi ndani ya mashine, wakafungua mlango wakidhani haina kitu. Gesi iliyobaki ilivutwa na mfumo wa hewa hadi kwenye kichomeo cha kuiteketeza, ikalipuka, na vioo vya chumba cha kuongozea mitambo vikawajeruhi watu wanne. Hatua za kuiosha si urembo. Hata zikikamilika, mlango ufunguliwe kidogo tu, feni ya kuvutia nje ikiwa inafanya kazi, na mfunguaji aondoke hadi muda uliowekwa na mtengenezaji upite.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya zenu, na inasimamiwa na wakala wa OSHA. Kemikali zenyewe zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na aliyeumia kazini anaweza kudai kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ukiagizwa kuruka hatua, omba agizo hilo liandikwe katika daftari la mashine na kutiwa saini, na mkaguzi akija mpe daftari hilo alisome.