Giemsa na Maji Yake

Wiki hii nimeulizwa tena kama slaidi ya malaria iliyopauka haiwezi kuokolewa kwa kuzidisha Giemsa, rangi tunayoitia damu ili vimelea vionekane kwa hadubini. Imani kwamba rangi ikikolea ndipo kimelea kinapoonekana imeenea hata miongoni mwa waliosomea maabara, nami nasema waziwazi kwamba inaharibu majibu ya wagonjwa.

Giemsa ni mchanganyiko. Ndani yake mna eosini, yenye chaji hasi, inayoshika himoglobini, na mna azuri B, yenye chaji chanya, inayoshika asidi za nyuklia. Kiasi ambacho kila moja itashika huamuliwa kwa sehemu kubwa na pH, yaani kiwango cha asidi au alkali, ya maji tunayochanganyia, ambayo kwa malaria inatakiwa iwe 7.2. Maji yakielekea kwenye asidi, seli nyekundu huwa za waridi kali na kiini cha kimelea hufifia; yakizidi ualkali, slaidi nzima huwa ya buluu. Vitone vya Schüffner, yaani nukta ndogo ndani ya seli nyekundu tunazozitegemea kutambua aina mbili za vimelea vya malaria, Plasmodium vivax na Plasmodium ovale, huweza kukosekana pH ikishuka hadi 6.8 tu, ingawa kimelea kimo ndani ya seli. Hakuna kiasi cha Giemsa kitakachovirudisha. Pima maji, tumia bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike.

Anayezidisha rangi huongeza mashapo, yaani punje nyeusi zinazofanana na viini, ambazo mwanafunzi huzihesabu kuwa vimelea. Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15 inatosha, au asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45. Utando mwembamba wa damu kwenye slaidi ugandishwe kwa methanoli, mzito usiguswe nayo. Hilo sina haja ya kulirefusha.

Lipo jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Eosini ni nyekundu na azuri B ni ya buluu, ilhali kiini hutoka cha zambarau iliyoiva, kama mtafiti Romanowsky alivyoonyesha mwaka 1891, kabla Gustav Giemsa, aliyeipa rangi hii jina, hajaiboresha mjini Hamburg. Husemwa kwamba azuri B hutangulia kushika DNA, kisha eosini huungana nayo. Nayakubali maelezo hayo, lakini hayanitoshi, kwa kuwa chupa mbili zenye lebo ileile huweza kunipa zambarau mbili tofauti kwa maji yaleyale. Kwa hiyo kila chupa mpya naijaribu kwanza kwenye damu yenye vimelea ninavyovijua, kabla haijagusa slaidi ya mgonjwa.