Sikio linapotoa damu

Damu ya sikioni ni dalili, na la kwanza kujua ni imetoka wapi: tundu la nje, kiwambo, nyuma ya kiwambo, au kwenye fuvu lenyewe.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5 hadi kufika kwenye kiwambo, ule utando unaotetema sauti ikiupiga. Ngozi yake ni laini mno. Njiti ya kiberiti, pini ya nywele au unyoya wa kuku huichubua mara moja. Nta hutoka yenyewe, haina haja ya kuchokolewa.

Kwa watoto, mara nyingi chanzo ni usaha. Mtoto ana mafua, analia usiku kucha kashika sikio, alfajiri ananyamaza. Mama akigeuza foronya anakuta doa la njano lenye wekundu. Usaha ulijaa nyuma ya kiwambo, ukakisukuma mpaka kikapasuka, na maumivu yakaisha hapo hapo. Wengi hudhani kapona. Hajapona! Kiwambo kwa kawaida huziba chenyewe baada ya wiki kadhaa, lakini maambukizi yakiachwa, sikio hutoa usaha miaka na miaka na usikivu hupungua. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Tafadhali, usimtie mafuta ya nazi, maziwa ya mama wala maji ya kitunguu, maana kiwambo kilichotoboka hakizuii kitu kuingia ndani.

Huku kwetu pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Kilwa, wako pia wanaozamia. Ukishuka mita 10, presha inayokubana huwa maradufu ya ile ya juu ya maji. Mfereji mwembamba kati ya sikio na koo ndio unaosawazisha, na mafua huuziba. Hapo kiwambo huvutwa ndani, kikavuja damu au kikachanika. Maji baridi yakipenya humpa mtu kizunguzungu kikali akiwa chini, asijue juu ni upande gani. Hilo ndilo linaloua. Mwenye mafua na asubiri. Baruti ya kuvulia samaki nayo, ambayo imeitesa pwani hii miaka mingi, mshindo wake huchana viwambo vya walio karibu.

La kuogopwa kuliko yote ni damu baada ya kichwa kupigwa: mkwezi kaanguka kutoka mnazini, abiria wa bodaboda kaangukia lami. Hata tone moja lichukulie kwa uzito. Likichanganyika na majimaji yasiyo na rangi, huenda mfupa wa chini ya fuvu umevunjika na maji yanayozunguka ubongo yanavuja. Usizibe kwa pamba, usioshe, usimkalishe. Mlaze, shingo isigeuzwe, weka kitambaa safi juu ya sikio bila kubana ili damu itoke, na usafiri wa hospitali utafutwe papo hapo.