Upepo wa Nairobi ndani ya kompyuta: dhana potofu na ukweli

Picha za upepo ulioigwa kwa kompyuta umeshaziona: majengo ya kijivu yamezungukwa na mistari ya rangi, nyekundu pale upepo unapokimbia, buluu pale ulipolala. Kuna wanaoziamini kama picha za kamera, na kuna wanaozipuuza kama katuni. Wote wamekosea, kila mmoja kwa njia yake.

"Ile picha ni upepo wenyewe."

Ni jibu la hesabu. Kanuni zinazotumika, za mwendo wa hewa na maji, ni za mhandisi Mfaransa Claude-Louis Navier wa mwaka 1822, zikakamilishwa na mwanahisabati George Stokes mwaka 1845. Kompyuta huikata hewa juu ya mtaa vipande vipande, tuviite seli, halafu kila seli hupewa kasi, kanieneo na joto lake. Tatizo ni msukosuko. Upepo wa mjini una mizunguko yenye upana wa mamia ya mita, na ndani yake mingine midogo, hadi ile ya milimita moja hivi. Ukitaka kuinasa yote kwa seli za milimita moja ndani ya kilomita moja ya mraba, hadi urefu wa kilomita moja, unahitaji seli 1 yenye sifuri 18 nyuma yake. Hakuna kompyuta duniani inayobeba mzigo huo.

Kwa hiyo watu huacha hiki ili wapate kile. Njia ya kwanza, ya bei nafuu, huhesabu wastani wa upepo na kukisia msukosuko. Ya pili, iliyoanzia kwenye kazi ya mtaalamu wa hali ya hewa Joseph Smagorinsky ya mwaka 1963, huhesabu mizunguko mikubwa yenyewe na kukisia midogo tu. Ile mistari laini inayopendeza kwenye mabango mara nyingi ni ya njia ya kwanza. Upepo wa namna hiyo hajawahi kuuona mtu hata dakika moja, maana wastani hauvumi barabarani. Dharuba inayokupindua mwavuli Upper Hill haimo humo, labda kama aliyefanya hesabu ameikadiria kando.

"Ghorofa refu hukinga upepo."

Nyuma yake, ndiyo, kwa kiasi. Miguuni pake ni habari nyingine. Juu upepo una kasi kuliko chini, na ukigonga ukuta mpana sehemu yake huteremka hadi njia ya waenda kwa miguu, kisha huchomoka kwa nguvu kwenye pembe za jengo. Huko Leeds, Uingereza, mwaka 2011, upepo kando ya jengo la Bridgewater Place ulipindua lori likamuua mpita njia, na jengo lile lina mita 112 tu. Britam Tower yetu ya Upper Hill ina mita 200. Sisemi ni hatari, kwani umbo la jengo na majirani zake vina uzito kuliko urefu peke yake. Nasema kinga si neno la kulitaja kabla ya hesabu.

"Upepo ukivuma, moshi wa matatu unaondoka."

Hapa ndipo uigaji wa kompyuta unapolipa gharama zake, kwa sababu jibu linapingana na akili ya kawaida. Chukua siku ambayo upepo wa mashariki unaukata mtaa wa Tom Mboya kwa mapana. Juu ya mapaa unaelekea Moi Avenue. Unagonga majengo ya upande huo, unashuka na ukuta hadi kwenye lami, kisha unageuka na kurudi mashariki, kinyume na upepo wa juu, ukisomba moshi wa magari na kuulundika upande wa River Road kabla ya kupanda tena. Abiria anayesubiri gari upande huo anavuta moshi mwingi kuliko mwenzake wa ng'ambo, mita chache tu kutoka alipo. Upepo ukigeuka, zamu nayo inageuka.

Timothy Oke, mtaalamu wa hali ya hewa ya miji wa Kanada, alieleza mwaka 1988 kwamba urefu wa majengo ukizidi kama theluthi mbili ya upana wa barabara, upepo wa juu huanza kuteleza juu ya mapaa huku hewa ya chini ikizunguka yenyewe kwa yenyewe. Mitaa mingi ya katikati ya jiji imepita kiwango hicho zamani. Magari yanayopita nayo huukoroga mzunguko huo, lakini makanga wanaosema pale stendi "hewa haitembei" hawako mbali na hesabu.

"Ukipata kompyuta kubwa, umemaliza."

Programu si shida. OpenFOAM, programu ya kuhesabu mwendo wa hewa, ni ya bure tangu 2004. Shida ni unachoilisha. Kipimo cha upepo cha kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner kinakueleza upepo wa Dagoretti Corner, kwenye uwazi, mita 10 juu ya ardhi, wala si wa Kirinyaga Road, katikati ya majengo ya jiji. Urefu wa majengo nao lazima uutafute. Na Kibera? Ramani zipo, vijana wa Map Kibera walianza kuichora mwaka 2009. Ila mwongozo wa wahandisi wa Japani wa mwaka 2008 unataka angalau seli 10 kwa upana wa jengo. Ukitumia kanuni hiyohiyo kwenye kichochoro cha mita moja na nusu, seli ni za sentimita 15. Anayetumia seli za mita mbili hakuiga Kibera, ameiga bamba moja kubwa la mabati.

"Tuko juu, kwa hiyo upepo wetu una nguvu zaidi."

Kinyume chake. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi hewa ni nyepesi, na kwa kasi ileile husukuma ukuta kwa nguvu pungufu ya ile ya Mombasa kwa kama asilimia 15.

"Upepo ukitulia hakuna cha kuhesabu."

Kwa moshi, huo ndio wakati wa kuhesabu. Usiku mkavu usio na mawingu ardhi hupoa haraka, hewa baridi hulala chini na ile ya vuguvugu huifunika. Moshi wa jalala la Dandora na wa majiko hukwama hapo hadi jua lichemshe ardhi. Modeli isiyohesabu joto haiwezi kuuona mfuniko huo. Ukiletewa ripoti ya moshi iliyopigiwa hesabu kwa upepo wa saa nane mchana peke yake, muulize aliyeileta: ya saa kumi na mbili asubuhi iko wapi?